Mcheza kwao hutunzwa: Jumuiya iwape wanafunzi wabunifu uwanja

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo na sekondari katika miji ya Afrika Mashariki hukesha mbele ya kompyuta wakijaza fomu za mashindano ya ubunifu wa teknolojia yanayoendeshwa kwa njia ya mtandao. Wengine hutumia maabara ya chuo mpaka mlinzi awaombe watoke. Wengine huchanga fedha za bando, wakarekodi video ya dakika chache kwa simu na kuituma kwa majaji ambao hawatawaona ana kwa ana. Matokeo yakitoka, mara nyingine majina ya vijana wa kanda hii huwa juu kabisa.

Ushahidi upo. Mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walibuni WinSenga, programu ya simu ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Jina lake limetokana na senga, yaani shangazi katika Kiganda. Mwaka uliofuata kundi jingine la Uganda lilipata tuzo katika fainali za shindano la Imagine Cup la kampuni ya Microsoft zilizofanyika St. Petersburg, Urusi. Kundi hilo lilikuwa na Matibabu, kifaa cha kupima malaria kinachobanwa kidoleni na kutumia mwanga badala ya kutoa damu. Mwaka 2017 wasichana watano wa sekondari kutoka Kisumu walifika fainali za Technovation huko California na programu ya i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Mwaka 2021, ugonjwa wa korona ulipolazimisha Imagine Cup ifanyike yote mtandaoni, timu ya Kenya iitwayo REWEBA ilitwaa ubingwa wa dunia na zawadi ya dola 75,000 kwa mfumo wa kufuatilia ukuaji wa watoto wachanga kutoka mbali.

Orodha hiyo inatia moyo, lakini ina jambo la kufikirisha. Matatizo yote hayo ni ya hapa: uzazi salama, malaria, ukeketaji, kliniki za watoto zilizo mbali na makazi. Aliyeyasikiliza kwanza na kuyatolea tuzo ni kampuni au taasisi ya ng'ambo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wamecheza ugenini, wakatunzwa ugenini, kisha wakarudi nyumbani na cheti.

Hakuna ubaya wa kushindana na dunia. Shindano la mtandaoni limeondoa gharama kubwa ya nauli na viza, na limempa mwanafunzi wa Mwanza au Gulu nafasi ya kusimama mbele ya majaji wale wale wanaomsikiliza mwenzake wa Seoul au London. Linamfundisha kueleza tatizo kwa maneno machache, kutengeneza kitu kinachofanya kazi badala ya kuchora ndoto kwenye karatasi, na kujibu swali gumu kuliko yote: nani atakitumia, na nani atakilipia? Hayo ni masomo ambayo mihadhara mingi ya darasani haiyagusi.

Hata hivyo, mlango wa mtandao haukuwa wazi kwa wote. Video moja nzito humaliza bando la wiki la mwanafunzi. Umeme ukikatika usiku wa mwisho, kazi ya miezi mitatu huning'inia. Hata saa zenyewe huwaponza baadhi. Shindano linalofungwa saa 5:59 usiku kwa saa za California wakati wa kiangazi cha huko, kwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hufungwa saa 3:59 asubuhi ya siku inayofuata, na kwa Kigali na Bujumbura saa 2:59. Asiyejua hesabu hiyo huweza kujinyima usiku mzima wa kazi, na anayeikosea huweza kuchelewa kwa saa moja akakataliwa.

Kizuizi kingine ni lugha. Mwanafunzi wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa, au wa Kigoma anayefikiri kwa Kiswahili, hulazimika kuuza wazo lake kwa Kiingereza cha kukariri. Jaji husikia kusitasita na huenda akadhani ni wazo lenyewe linalositasita.

Kikwazo kikubwa zaidi huanza baada ya ushindi. Matibabu ilipata tuzo mwaka 2013. Ilichukua miaka mitano hadi mmoja wa wabunifu wake aliposhinda, mwaka 2018, Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akiwa Mganda wa kwanza kuipata. Wakati huo kifaa kilikuwa bado kwenye majaribio. Kuchelewa huko hakushangazi, kwa kuwa kifaa cha tiba lazima kipimwe kwa makini na hakuna mzazi anayetaka mwanawe apimwe na mashine isiyothibitishwa. Swali ni nani anayemshika mkono mwanafunzi katika miaka hiyo, wakati amemaliza chuo, wenzake wametafuta ajira, na fedha za zawadi zimeisha.

Hapo ndipo mipaka ya nchi inapoanza kuuma. Mbu wa malaria hagongewi muhuri kituo cha Mutukula, lakini kifaa cha kupima malaria kilichopata kibali Kampala hakiingii sokoni Dar es Salaam kwa kibali hicho. Uganda ina mamlaka yake ya dawa, Tanzania ina TMDA, Kenya na Rwanda nazo zina zao. Programu inayokusanya taarifa za afya za watoto inakutana na sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, ya Uganda ya mwaka huo huo, ya Rwanda ya 2021 na ya Tanzania ya 2022. Kila moja ina sababu zake njema. Kwa kundi la vijana wanne wasio na mwanasheria, zikiwekwa pamoja zinakuwa ukuta.

Mfano wa i-Cut unaeleza jambo hilo vizuri zaidi. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011, na mojawapo ya njia za kuikwepa ni kuwavusha wasichana mpaka. Wakuria wanaishi Kenya na Tanzania pia, na ndugu wa pande mbili huhudhuria sherehe za wenzao. Programu inayojua vituo vya uokoaji vya upande mmoja tu humwacha msichana gizani pale pale anapohitaji msaada zaidi. Ili ifanye kazi, inahitaji mwanafunzi wa Migori na mwanafunzi wa Tarime wakae meza moja, hata kama meza hiyo ni ya mtandaoni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vyombo vya kuitengeneza meza hiyo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) liko Kampala. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki (EASTECO) iko Kigali. Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar. Tangu mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu. Jumuiya pia ina uzoefu wa kuendesha shindano la insha kwa shule za sekondari, kwa hiyo kuwashindanisha vijana wa nchi wanachama si jambo geni kwake. Kinachohitajika ni vyombo hivi vitatu kusimamia kwa pamoja shindano la ubunifu wa wanafunzi, la mtandaoni, lenye masharti yanayolingana na hali halisi.

Sharti la kwanza liwe kwamba kila timu itoke katika nchi mbili au zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi wa uhandisi wa Eldoret akifanya kazi miezi minne na mwanafunzi wa uuguzi wa Bujumbura, watajifunza kuhusu Jumuiya mambo ambayo hotuba za mikutano ya wakuu wa nchi haziwezi kuwafundisha. Tena watagundua mapema, kabla ya kuwekeza fedha, ni sheria gani inayokwamisha wazo lao mpakani, na Jumuiya itapata ripoti ya bure kuhusu vikwazo vyake yenyewe.

Sharti la pili ni lugha. Kiswahili kikubaliwe sawa na Kiingereza na Kifaransa, katika maelezo na katika video. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo inakihesabu miongoni mwa lugha zake nne za taifa. Wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno ya teknolojia. Maneno huja kwa matumizi. Wakulima wa kanda hii hutuma na kupokea fedha kwa simu kila siku, na hawakusubiri kamusi ndipo waanze.

Sharti la tatu, na lililo muhimu kuliko yote, ni zawadi yenyewe. Hundi kubwa ya karatasi na picha na waziri havitoshi. Mshindi apewe mahali pa kujaribia: hospitali ya wilaya, halmashauri, chama cha ushirika au shule iliyokubali kuitumia kazi yake kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi. Mamlaka za udhibiti za nchi mbili zitoe ofisa mmoja kila moja wa kumwelekeza mbunifu hatua za kibali. Hilo litagharimu kidogo kuliko sherehe ya kufunga shindano.

Wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi, na swali lao ni la haki. Inajulikana kuwa baadhi ya nchi wanachama huchelewa kulipa michango yao, na sekretarieti ya Arusha imewahi kuumia kwa hilo. Lakini shindano la mtandaoni halihitaji ukumbi, hoteli wala posho za safari. Kampuni za simu zinaweza kuombwa kufungua tovuti ya shindano bila kukata bando la mwanafunzi. Vyuo vinaweza kuacha maabara moja wazi usiku katika wiki ya mwisho, yenye jenereta. Wahadhiri wanaweza kuwa majaji kutoka ofisini kwao. Mzigo mkubwa hapa ni wa kupanga, na fedha zinakuja nyuma.

Wengine watasema mashindano yamekuwa mengi, na vijana wamegeuka wawindaji wa zawadi wanaohamisha wazo lile lile kutoka fomu moja hadi nyingine. Lawama hiyo ina ukweli, ila chanzo chake ni kwamba baada ya tuzo hakuna pa kwenda isipokuwa tuzo nyingine. Panapokuwa na njia ya kuelekea zahanati na sokoni, kijana mwenye kazi nzuri hatakuwa na haja ya kuzunguka.

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, wasome kanuni zote, hasa kifungu kinachoeleza nani atamiliki kazi baada ya shindano. Programu ya kompyuta kwa kawaida hulindwa na hakimiliki tangu inapoandikwa, bali kifaa kipya huhitaji hataza, na kukionyesha hadharani kwenye video kabla ya kuomba hataza huweza kukiondolea sifa ya kuwa kipya. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ni wanachama wa shirika la ARIPO lenye makao Harare, ambalo hupokea ombi moja kwa nchi kadhaa. Tena waandikiane mapema, hata kwa ukurasa mmoja, nani kafanya nini na nani atapata nini. Urafiki mwingi wa hosteli umevunjika siku zawadi ilipofika.

Kwa sasa dirisha la shindano jingine la ng'ambo litafunguliwa, na vijana wa kanda hii watakesha tena. Waende, washinde, na waombewe heri. Lakini IUCEA, EASTECO na Kamisheni ya Kiswahili visisubiri kuwapongeza wakirudi. Mawaziri wa elimu na wa sayansi wa nchi wanachama waviagize vyombo hivi vilete mpango mmoja wenye tarehe, wasimamizi na hospitali zilizokubali kushiriki. Kifaa kilichobuniwa Kampala kwa ajili ya malaria kinastahili kujaribiwa Mwanza kabla hakijasifiwa London.