Mtoto Mzima Kwenye Kigari

Katika bustani ya burudani ya Animal Kingdom, karibu na Orlando, Florida, kuna kijiji kinachoitwa Harambe. Disney walikijenga kwa kuiga Lamu, na kilifunguliwa pamoja na bustani yenyewe tarehe 22 Aprili 1998: kuta zilizobabuka rangi, kibanda cha vinywaji kiitwacho Tamu Tamu, baa iitwayo Dawa, na wafanyakazi wanaokupokea kwa "Jambo!" Mswahili akipita hapo hutabasamu, kisha huanza kutafuta kasoro, na ya kwanza haikawii kuonekana. Njiani hakuna punda hata mmoja. Kuna vigari vya watoto, vimepangwa safu kwa safu karibu na lango la safari ya kutazama wanyama, na wanaosukumwa humo si wachanga peke yao. Yumo wa miaka mitano, yumo wa sita, na mara moja moja yumo wa minane, magoti yamemfika kidevuni na nyayo zinaburura chini.

"Mtoto mzima huyu, anasukumwa?"

Wamarekani wamegombana juu ya swali hilo kwa miaka. Wapo wanaowapiga picha za siri watoto wa namna hiyo na kuzisambaza mitandaoni ili wazazi wachekwe. Wapo wanaojibu kwa hasira kwamba aliyenunua tiketi ndiye ajuaye namna ya kuifaidi. Na kwa kuwa familia za Kikenya, za Kitanzania na za Kikongo zinazoishi Marekani nazo huenda Orlando shule zikifungwa, ugomvi umeingia hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Picha ya likizo ikitumwa tu, bibi aliyebaki nyumbani anauliza kama mjukuu wake anaumwa miguu.

Bibi ana hoja. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mtoto wa miaka sita huenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, na hakuna anayemwita shujaa. Lakini nadhani tunalinganisha vitu visivyolingana. Mtoto aendaye shule hutembea asubuhi, jua halijakali, yuko na wenzake, na mwendo ni wake mwenyewe. Akiona mwembe wenye maembe mabivu anasimama. Akifika anakaa chini saa kadhaa. Mtoto wa Orlando hutembea kwa mwendo wa watu wazima wanaokimbizana na saa, kisha anasimamishwa foleni, na hiyo foleni ndiyo inayommaliza. Mwulize yeyote anayeuza dukani au anayelinda geti: afadhali kilomita mbili za kutembea kuliko saa nzima ya kusimama papo hapo.

Tena tusijifanye hatukubebwa. Tulifungwa mbeleko, tukapakizwa nyuma ya baiskeli, tukawekwa mabegani. Mtoto wa miaka sita aliyelala begani kwa baba yake usiku wakitoka viwanja vya Sabasaba, mdomo wazi na mate yanachuruzika kwenye shati, hakuna anayempiga picha ya kumcheka. Tofauti kati ya huyo na yule wa Florida ni kwamba mmoja anabebwa na mgongo na mwingine na magurudumu manne, na ambaye mgongo wake ushaanza kulalamika anajua lipi lina akili zaidi. Muundo wa kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli ulibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege, na lengo lake halikuwa kuwadekeza watoto. Alitaka kupunguza mzigo wa mtu mzima anayesafiri.

Siku yenyewe ya bustani inastahili kutazamwa vizuri, maana wengi wanaohukumu hawajaipitia. Walt Disney World, ambamo Animal Kingdom imo, ina bustani kuu nne za burudani. Magic Kingdom ilifunguliwa mwaka 1971, na EPCOT mwaka 1982. Kuzunguka ziwa la EPCOT tu, penye mabanda ya nchi 11, ni karibu kilomita 2, na hapo bado hujarudi getini wala hujakwenda chooni. Kwa siku nzima ni kawaida mgeni kutembea kilomita 10 na kuzidi. Mwezi wa Julai joto hufika nyuzi 33, na unyevu wa hewa ni ule ule unaomfanya mtu wa Tanga aoge mara tatu kwa siku. Mchana hushuka mvua ya radi, na ikiisha lami inafuka mvuke.

Juu ya hayo kuna bei. Tangu Oktoba 2018 bei ya tiketi hupanda na kushuka kufuatana na tarehe. Kuingia Magic Kingdom kwa siku moja huzidi dola 100 kwa mtu, na siku za Krismasi huwa takriban 200. Mtoto wa chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu. Wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo sana, na akifika 10 kampuni inamhesabu mtu mzima. Familia ya watu watano, wote wamevuka miaka mitatu, ikinunua tiketi za siku moja imeshatoa zaidi ya dola 500 kabla ya kununua hata soda. Nani atakubali kuondoka saa nane mchana eti kwa kuwa Juma amechoka? Basi wanafika kabla geti halijafunguliwa na wanabaki hadi fataki za usiku, muda wa saa 12 au 13. Hapo ndipo kigari cha mtoto mkubwa kinapoingia. Kukodi kimoja cha mtu mmoja kumekuwa kukigharimu takriban dola 15 kwa siku, na ukizilinganisha na zile 500, baba haoni sababu ya kusita.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni sawa kumsukuma mtoto wa miaka sita, nitakuuliza kwanza umempangia siku ya namna gani. Umri peke yake ni kipimo duni. Vigari vinavyokodishwa na Disney vina kikomo cha ratili 50, yaani karibu kilo 23. Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, huo ndio wastani wa uzito wa mtoto wa miaka saba. Ulaya nako mwaka 2018 walitoa kiwango cha usalama kwa vigari vya watoto wa kilo 15 hadi 22. Kumbe watengenezaji na wakodishaji walishajibu swali tunalogombania: mtoto wa miaka sita walimweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kinachowakera watu ni kuona mtoto huyo huyo, dakika kumi zilizopita, akipiga mayowe kwenye treni ya mlima bandia wa Everest, ambako mwenye urefu wa sentimita 112 anaruhusiwa kupanda, kisha amerudi kwenye kigari amejikunja anasinzia. "Kumbe ana nguvu!" Ndiyo, anazo, na zinakuja na kukatika ghafla kama umeme wa mgao. Yeyote aliyelea mtoto wa umri huo amemwona akikimbia uwanja mzima, halafu ndani ya dakika mbili analia kwa sababu soksi imejikunja. Urefu wa kuingia kwenye mchezo haupimi pumzi ya kumaliza siku.

Wasiwasi wa uvivu nauelewa, na una mahali pake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe kwenye kigari zaidi ya saa moja kwa mkupuo mmoja, na unataja pia kufungwa mgongoni mwa mlezi, kwa hiyo mbeleko nayo imo. Kwa wenye miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchemsha mwili hasa. Mtoto anayeshuka kwenye kigari kila baada ya mchezo, akaruka, akakimbilia chemchemi za maji, akazunguka na ndugu zake nusu ya siku, sioni atapungukiwa wapi. Ninayemwonea shaka ni mtoto wa miaka sita, mzima wa afya, anayesukumwa kwenda dukani kila Jumanne katika mtaa anaoishi. Kosa la huyo si la likizo.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga picha za siri hawalijui, kwa sababu halionekani kwa macho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Familia zetu zinalifahamu kuliko wengi, maana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, ni ugonjwa wa koo nyingi za Kiafrika. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuonekana mzima kabisa asubuhi, anacheka, mashavu yanang'aa. Upungufu wa maji mwilini, uchovu na joto kali vinaweza kumwamshia maumivu ya kumlaza hospitali. Wapo pia wenye pumu, wenye maradhi ya moyo, na wenye usonji ambao kelele na watu wengi huwazidia, na kile kigari chenye kofia ya kushusha ndicho chumba pekee walicho nacho. Disney wana lebo wanayoweza kufunga kwenye kigari ili kihesabiwe kama kiti cha magurudumu na kuruhusiwa kuingia nacho kwenye foleni. Lebo hiyo imekuwa na maana zaidi tangu mwaka 2024, walipobana utaratibu wao wa kuwapa nafuu ya foleni wageni wenye ulemavu, wakauelekeza kwa wenye usonji na hali zinazofanana nao. Mzazi wa mtoto wa selimundu hawezi tena kuutegemea kama zamani. Kigari anacho bado, na halazimiki kumweleza mpita njia kwa nini.

Niliyoyasema yanaweza kumfanya msomaji adhani naona vigari havina hasara. Vina hasara, na anayeilipa mara nyingi ni mtu mwingine. Aliyewahi kugongwa kisigino na gurudumu la mbele kwenye msongamano wa baada ya fataki hahitaji kuelezwa. Kuna wazazi wanaokitumia kigari kama tingatinga la kupasulia umati. Wengine hawana mtoto ndani yake kabisa, ni mikoba, vichezeo vya mapovu ya sabuni, chupa za maji na mwanasesere mkubwa aliyenunuliwa dola nyingi, huku mtoto akitembea pembeni. Tarehe 1 Mei 2019, majuma machache kabla ya eneo jipya la Star Wars kufunguliwa California na kuvuta umati, Disney walipiga marufuku vigari vinavyozidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, pamoja na vile vya mfano wa mkokoteni, hata vile vinavyokunjwa. Wazazi wenye watoto wakubwa walilalamika sana, kwa kuwa mkokoteni ndio uliokuwa ukiwachukua wawili kwa raha. Mimi nadhani kampuni ilikuwa sahihi. Njia ni ya wote, na starehe ya watoto wawili haiwezi kuchukua nafasi ya watu sita.

Kwa hiyo nikiombwa ushauri na mwenye safari, namwambia hivi. Mtoto wa miaka minne, mitano, sita: kodi kigari, usione haya. Wa saba: mwulize mwenyewe, maana wengi wa umri huo wakishaona rika zao wanapita hawataki hata kukigusa. Wa minane na kuendelea, kama hana tatizo la afya, tatizo liko kwenye ratiba. Rudini hotelini saa saba, mlale, mrudi jioni. Tiketi hiyo hiyo inawaruhusu kutoka na kuingia tena bustani ile ile siku hiyo. Najua inauma, kwa sababu ya zile dola 500. Lakini mama anayemburuta mtoto wa miaka minane saa tatu usiku huku akimfokea "Tumelipa pesa nyingi, utafurahi tu!" hajafaidi chochote alicholipia.

Lawama kubwa zaidi naipeleka kwa wenye bustani. Wangeweka viti vya kutosha, vivuli vya kutosha, na tiketi ya nusu siku yenye nusu bei, nusu ya vigari vya watoto wakubwa vingetoweka bila marufuku yoyote. Ghuba wana kitu cha kufundisha hapa. Familia za Waswahili wa Muscat zikienda Abu Dhabi huingia Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, au Warner Bros. World ya mwaka 2018, zote mbili katika kisiwa cha Yas. Sehemu kubwa ya michezo ya ile ya kwanza iko chini ya paa, na ya pili iko ndani kabisa, penye kiyoyozi, na kutoka mchezo mmoja hadi mwingine ni hatua chache. Humo mtoto wa miaka sita ana sababu ndogo mno ya kusukumwa. Mwezi Mei 2025 Disney walitangaza kwamba wameafikiana na kampuni ya Miral kuanzisha bustani ya Disney kwenye kisiwa hicho hicho cha Yas, mahali ambapo joto la Agosti hupita nyuzi 40. Ramani zake zikianza kuonyeshwa, michezo nitaitazama baadaye. Nitaanza kwa kutafuta mabenchi.