Siku 27 za akiba

Waliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita wanajua nilivyolikwepa swali. Mwenzangu aliniuliza, "Kwa hiyo dada, jeshi umeacha au hujaacha?" Nikacheka, nikasema ni hadithi ndefu, tukahamia kwenye kodi za nyumba. Sasa meseji zimekuwa nyingi, na wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, basi acha nijibu hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Jibu fupi: nimeacha, halafu nimejiandikisha tena. Ila si kwa kazi ileile, na si kila siku. Na kuna mzee mmoja hapa Leyton ambaye hakupendezwa hata kidogo.

Nilijiunga na jeshi la anga la Uingereza mwaka 2011, nina miaka 20. Nikapitia Halton kwa ukuruta, Cosford kwa ufundi, halafu Brize Norton kule Oxfordshire, kwenye Hercules. Digrii niliisoma Open University jioni, kati ya zamu na zamu, nikiwa na mafuta ya ndege kwenye kucha. Watu wakisikia "jeshi la anga" wanaona rubani na miwani ya jua. Mimi ni fundi. Nilikuwa yule anayebaki chini na tochi mdomoni saa nane za usiku, anatafuta kwa nini taa moja ndogo inawaka wakati haitakiwi kuwaka.

Baba yangu pia ni fundi, wa magari, kutoka Tanga. Alikuja London mwaka 1988 na akatengeneza mabasi mpaka alipostaafu. Nimekulia kwenye nyumba ambayo bisibisi inakaa kwenye droo ya vijiko. Kwa hiyo kilichonishangaza siku ya kwanza kazini si ukubwa wa ndege. Ni sanduku la vifaa. Kila spana ina tundu lake kwenye sponji, limechongwa kwa umbo lake hasa, ili pakiwa na pengo ulione kwa mbali. Unasaini kuchukua, unasaini kurudisha. Ikikosekana soketi moja, ndege hairuki mpaka ijulikane iko wapi, maana inaweza kuwa imelala pale inapopita nyaya ya usukani. Niliwahi kusimamisha kazi ya watu kumi na moja kwa saa mbili kwa ajili ya soketi ya milimita 10. Ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye ovaroli, chini ya karatasi ya chokoleti. Nilitamani ardhi inimeze. Sajenti wangu hakufoka. Aliniambia tu niandike kila kitu kwenye ripoti, pamoja na chokoleti.

Halafu kuna Fomu 700, kitabu cha ndege. Kila kilichoharibika na kila kilichotengenezwa kimeandikwa humo, na chini yake jina la mtu na sahihi. Ukishasaini, umesema kwamba watu wapande. Miaka kumi na mbili nilisaini. Sijui kama kuna kazi nyingine itakayonipa uzito ule mkononi.

Hercules zilistaafu mwishoni mwa Juni 2023. Zilikuwa kwenye jeshi hilo tangu mwaka 1967, yaani kabla hata baba hajavunja ungo wa utoto. Miezi miwili tu kabla ya mwisho bado zilikuwa kazini, zinatoa watu uwanja wa Wadi Seidna karibu na Khartoum kuwapeleka Cyprus. Halafu Juni ndege tatu zikazunguka anga ya nchi kuaga, watu wamesimama kando ya barabara na simu zao juu. Mimi nilikuwa nimesimama na wenzangu, na niseme ukweli, nililia. Kwa ajili ya ndege! Baada ya hapo mafundi tulikuwa na njia mbili kubwa: kujifunza Atlas, ndege iliyochukua nafasi, au kuondoka.

Mama alifariki mwaka 2019. Baba alikuwa amebaki peke yake Leyton, na goti lake likafanyiwa upasuaji. Kila nikimpigia anasema yuko salama, halafu jirani ananiambia amemwona anapanda ngazi kwa makalio. Nikaandika barua ya kuacha. Ndiyo hiyo sababu, hakuna nyingine ya kishujaa.

Kwa wale mlioniuliza kuhusu kazi za uraiani: msidanganyike kwamba ukitoka jeshini na uzoefu wako unaingia moja kwa moja kwenye ndege za abiria. Leseni ya fundi wa ndege za kiraia inatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, na ina mitihani yake, somo kwa somo, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. B1 ni zaidi ya injini na mwili wa ndege, B2 ni umeme na mitambo ya mawasiliano. Muda wako wa jeshini unahesabiwa, lakini bado wanataka pia uzoefu kwenye ndege za kiraia, kwa sababu karatasi na taratibu ni nyingine. Kwa hiyo nikiwa na miaka 33, koplo mzima niliyekuwa nafundisha watoto wa miaka 19, nilianza Stansted kama msaidizi, nasimamiwa na kijana ambaye nilipovaa gwanda mara ya kwanza yeye alikuwa shule ya msingi. Kijana mzuri tu. Ila ilichoma. Anzeni mitihani mkiwa bado jeshini, wakati bado mna mshahara wa kueleweka.

Na kitu ambacho hakuna aliyenionya ni ukimya. Siyo kelele za injini, hizo Stansted zipo. Nilirudisha kitambulisho, nikarudisha magwanda, mtu akaweka tiki kwenye orodha, nikatoka getini. Kwa miezi nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri bila sababu, napiga pasi shati ambalo halihitaji pasi.

Sasa kuhusu akiba, maana hapa ndipo wengi mnachanganya. Kuna akiba za aina mbili. Ya kwanza hukuiomba: ukitoka jeshi la kudumu, unabaki kwa miaka fulani kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa tena. Ya pili ni ya kujitolea. Unajiunga na kikosi, unavaa tena gwanda, unafanya siku zisizopungua 27 kwa mwaka, zaidi wikendi, unalipwa kwa siku, na ukitimiza masharti ya mafunzo unapata kiinua mgongo kidogo cha mwaka kisichokatwa kodi. Jeshi la anga lina vikosi vyake vya hivyo tangu mwaka 1924. Vile vya London, cha 600 na cha 601, viko Northolt, na vilianzishwa palepale Northolt mwaka 1925. Cha 601 enzi hizo kiliitwa cha mamilionea, kwa sababu waliojiunga walikuwa vijana matajiri wa klabu za London, wanarusha ndege Jumamosi kama wengine wanavyocheza gofu. Leo hawarushi, urushaji wa vikosi hivyo ulifutwa mwaka 1957. Na leo kwenye kimojawapo yupo binti wa fundi wa mabasi, anakuja kwa Central line kutoka Leyton mpaka Ruislip Gardens, London nzima inapita dirishani, sandwichi mkobani.

Tatizo lilikuwa kuisema nyumbani.

Nilidhani baba mdogo aliyeko Tanga ndiye mgumu, nikaanza na yeye, simu imewekwa mezani sauti juu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama, hujambo? Hao Wazungu wamekuachia?"

Nikamweleza: nimeacha kazi ya kudumu, sasa nimejiunga na jeshi la akiba. Kimya kidogo, halafu kicheko mpaka akakohoa. "Jeshi la akiba si mgambo huyo! Mwanangu umekwenda Ulaya kuwa mgambo! Utafukuza machinga London?" Kwenye kundi la familia bado wananitumia picha za mgambo wamebeba meza za wauza nyanya. Nimekubali, ndo jina langu sasa.

Baba hakucheka. Alikata simu ya mdogo wake kwa adabu, akaniambia, "Ulisema unaacha ili uwe karibu na mimi. Halafu umeenda kuandika jina ili waje wakuchukue." Akaenda chumbani kwake na goti lake.

Kesho yake, tunakunywa chai, akaanza kusimulia kitu ambacho kwa miaka yangu yote 34 sikuwahi kukisikia. Baba alikuwa mgambo. Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 mafunzo ya mgambo yalienea nchi nzima, na yeye akiwa kijana wa gereji Tanga alikwenda jioni kwenye uwanja wa mpira na wenzake, bunduki za mbao begani, wanacheka. Alijiandikisha kwa sababu marafiki zake walijiandikisha. Halafu mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, Mwalimu akatangaza vita redioni, na bunduki za mbao zikaisha utani. Inakadiriwa mgambo kama 40,000 waliingizwa jeshini katika vita ile. Baba alikuwa na miaka 21. Walipanda treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, na kwa kuwa alikuwa fundi wakampeleka kwenye malori. Mengi yalikuwa ya raia, yamechukuliwa na serikali kwa ajili ya vita.

"Siku moja," akasema, "upande huu wa Kyaka, nafungua boneti naona klachi nimeiweka mimi. Lori la Tanga lile. Nikajua kwa waya niliofungia." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana.

Kampala ilianguka Aprili 1979. Aliporudi Tanga, kwenye ile gereji palikuwa na kijana mwingine kwenye nafasi yake. Mwenye gereji hakuwa mtu mbaya, baba anasema, magari yalikuwa hayawezi kumsubiri. Alikaa miezi mingi bila kazi. Na hakuna siku aliyoweza kumlaumu mtu, maana jina alikuwa ameliandika mwenyewe.

Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kinamtisha. Risasi hakuzitaja kabisa.

Nikamwonyesha sheria. Uingereza ina sheria ya mwaka 1985 inayolinda kazi ya askari wa akiba akiitwa: ukirudi, ukaomba kwa maandishi ndani ya muda, mwajiri wako anatakiwa akurudishe. Nilimchapishia. Akavaa miwani akasoma yote, na kalamu, kama anavyosoma mkataba wa umeme. Kama ulikuwa umeajiriwa kwa mwaka au zaidi kabla ya kuitwa, unatakiwa ubakizwe kazini angalau wiki 52 baada ya kurudi. Akapigia mstari.

"Na wiki ya 53?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Mkiona matangazo yanayosema akiba ni kazi ya ziada ya wikendi, ongezeni swali la mzee huyu. Mwaka 2003 askari wa akiba wa nchi hii waliitwa kwenda Iraq. Walikuwa walimu, manesi, mafundi bomba. Na najua baadhi yenu mna maneno kuhusu vita ile na mimi kuvaa nguo ile. Tumeshagombana hewani, tutagombana tena, siyo leo.

Kwa nini basi nilijiandikisha? Baba aliniuliza hivyo hivyo, nikatoa majibu ya usaili: uzoefu, mtandao wa watu, pensheni. Akanisubiri nimalize. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka, mara moja kwa mwezi, kuingia chumba ambacho hakuna anayenishangaa. Stansted mimi ni msaidizi. Kwenye harusi za Wabongo mimi ni "yule wa jeshi". Northolt mimi ni koplo anayejua kwa nini ndege imechelewa.

Ajabu ni kwamba huko hata ndege siigusi. Kazi yangu mpya ni ya operesheni: mezani, kompyuta, nani anakwenda wapi na nini. Wikendi ya kwanza mikono ilikuwa haina pa kukaa, nikajikuta nakaza skrubu za kiti changu kwa ncha ya ufunguo. Aliyekaa jirani, mwanasheria siku za wiki, akaniomba nikaze na cha kwake. Kufika saa sita nilikuwa nimekaza viti vinne.

Baba hajasema amekubali. Ila kwenye kalenda ya bucha ya halali iliyoko jikoni ameanza kuzungushia duara. Jumamosi iliyopita nimeamka saa kumi na moja, nikamkuta tayari amesimama pale na kalamu, chai ya tangawizi imo kwenye chupa, goti limeegemea kabati.

"Leo ya ngapi?"

"Ya tisa, baba."

"Bado kumi na nane," akasema, akazungushia. "Na hiyo soketi uliyoniambia, ilikuwa mfuko wa kulia au wa kushoto?"