Nyota Hakutoka Kwenye Skrini

Kuna wasomaji wanaozidharau riwaya za Star Trek. Ati ni vitabu vya kuuzia jina tu, na kilichomo hakihesabiki mpaka kitokee kwenye skrini. Wengine wanazimeza zote, hata zilizoandikwa kwa haraka. Hawa wa pili siwagombi. Ugomvi wangu ni na wa kwanza.

Uhura, yule afisa wa mawasiliano aliyeonekana kwenye televisheni ya Marekani tangu 1966, jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Lakini kipindi hakikumpa jina la kwanza. "Nyota" lilitoka kwenye kitabu cha William Rotsler cha 1982, cha wasifu wa wahusika. Mwaka 1985 Janet Kagan akaandika riwaya nzima, Uhura's Song. Filamu ilikuja kulitamka "Nyota" 2009. Miaka 27! Kwani muda huo wote wasomaji walikuwa wanaota?

Sawa, riwaya nyingine ni mbovu. Semeni ni ipi, na kwa nini. Lakini "si rasmi" si uhakiki, ni lugha ya mwenye duka. Hapa Muhuru Bay, Luanda Magere kila mtu humsimulia kivyake. Hakuna anayeuliza kibali. Watu huuliza kama stori imekolea.

Sisi tunaoandika kwenye simu tukikubali kwamba stori ni ya kampuni, basi hata nyota zetu tutaendelea kutajiwa na watu wa mbali.