Mwacheni Utingo Alale

Saa nane usiku, Sindeni, kwenye barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Fuso imeegeshwa nje kabisa ya lami, chini ya mwembe. Mzigo haujatimia: magunia kadhaa ya mahindi bado yako shambani, na tajiri amesema kwa simu gari lisitoke na nafasi. Dereva amejikunja kwenye kabini. Utingo yuko juu ya magunia, kajifunika turubai hadi utosini. Mimi ni abiria wa lifti, nimeegemea mlango, shingo imepinda. Tochi ikapiga kioo. Wanaume wawili, ambao sitawataja wala kusema wametumwa na nani, wakauliza swali ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo: "Mnalala hapa kwa idhini ya nani?"

Dereva akashuka, wakazunguka naye nyuma ya gari. Aliporudi hakusema kitu, akawasha. Alikuwa amelala kama dakika arobaini, baada ya kutwa nzima ya kupakia. Mpaka Korogwe nilikuwa nampigia hadithi zisizo na kichwa wala miguu ili macho yasifumbe, na mara mbili nilisikia tairi la kushoto likitafuna changarawe.

Idhini ya nani! Tangu lini Mtanzania akaombea usingizi kibali? Mtu aliyelala garini hajamwibia mtu, hajamgonga mtu, hata kelele hana, ukiacha kukoroma. Wale wawili walimkuta dereva asiye na hatari kwa yeyote, wakamgeuza kuwa hatari kwa kila atakayekutana naye njiani, kisha wakaenda kulala vitandani mwao wakiamini wamelinda usalama.

Itafute sheria waliyoisimamia. Hutakuta kifungu kilichoandikwa "ni kosa kulala ndani ya gari lililoegeshwa". Utakachokuta ni vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vinavyohusu wazururaji. Kimoja kinamgusa hata mtu anayekutwa barabarani au kando yake, kwa wakati na katika hali inayomfanya anayemtazama aone kwamba yuko pale kwa jambo baya. Soma tena hapo. Kosa halipo kwa anayetazamwa, lipo kwenye jicho la anayetazama. Ni kauli tuliyorithi kwa Waingereza, waliokuwa na sheria yao ya wazururaji tangu 1824, iliyotungwa kuwaondoa maskini njiani. Bwana alikwenda zake 1961, rungu akaliacha, nasi tukaliokota. Mwaka 1983 tukaliongezea Sheria ya Nguvu Kazi, watu wakasombwa mitaani Dar es Salaam wakapelekwa vijijini kwa sababu walionekana hawana kazi.

Na kinachouma zaidi kiko Arusha, kwenye barabara kuu ipitayo Korogwe. Huko ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 4, 2020 mahakama hiyo, ikijibu ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zenye sheria hizo zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Ni maoni ya ushauri, najua, hayamfungi mtu mikono. Lakini ni aibu kuwa mwenyeji wa mahakama, kuipa ardhi na ulinzi, halafu kuziba masikio inaposema.

Mnaniambia kulala garini ni kuvunja utaratibu? Serikali yenyewe ndiyo iliyotulaza magarini! Tangu miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kutembea usiku wa manane. Uliyepanda basi la Mwanza, Bukoba au Kigoma unakumbuka: usiku umeingia, basi linaegeshwa, abiria mzima na nauli yake analala ameketi, mama na mtoto mgongoni, miguu imevimba, mpaka alfajiri. Hayo yalidumu hadi Oktoba 1, 2023, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipoanza kuruhusu safari za usiku. Miaka yote hiyo basi lililoegeshwa lenye watu wamelala liliitwa usalama barabarani. Leo Fuso iliyoegeshwa yenye watu wamelala inaitwa nini? Nenda Tunduma ukaone foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia. Madereva hulala humo usiku baada ya usiku, wala hakuna anayewauliza idhini, maana foleni ile ni ya forodha.

Au nenda Dodoma, nje ya ukumbi wowote wenye semina. Ma-V8 yamepangwa kwa mistari, viti vimelazwa, viyoyozi vinanguruma, madereva wamelala fofofo kwa mafuta ya umma. Sijaona tochi pale. Mtalii naye akipandisha hema juu ya paa la Land Cruiser tunamwita mgeni na kumwandikia risiti. Utingo akilala juu ya mahindi ya Handeni tunamwita mzururaji.

Najua jibu linalokuja: waende gesti. Kwa posho ipi? Posho ikilipa gesti, chakula kinakuwa maji. Na dereva akienda kujifungia chumbani, asubuhi anakuta betri haipo na tangi limenyonywa kwa mpira, na mafuta yale tajiri anamkata yeye. Anayelala kabini ni mlinzi asiyelipwa. Kumfukuza ni kumwita mwizi aje.

Wengine watasema malori hubeba wahamiaji. Kweli, na hilo si la kuchezea. Mwaka 2012 pale Chitego, wilayani Kongwa, walikutwa Waethiopia zaidi ya arobaini wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Basi kagueni bodi! Kagueni kontena, fungueni turubai. Anayekoroma kabini na miguu imetoka dirishani hajaficha kitu.

Jambo moja nakubaliana na wakali: si kila mahali pa kuegesha ni pa kulala. Lori lililoachwa nusu kwenye lami, bila taa, bila pembetatu za kuakisi, limewekewa matawi mawili tu ya mti, hilo linaua, na mwenye nalo aadhibiwe bila huruma. Nani wa ukanda huu asiyejua inachodai barabara ya usiku? Februari 3, 2023, Magira Gereza, hapo hapo Korogwe, Fuso na Coaster iliyobeba msiba kutoka Dar es Salaam zilikutana uso kwa uso. Taarifa za kwanza zilitaja watu 17 waliokufa. Ilielezwa kwamba chanzo ni kulipita gari jingine, si usingizi, nami siongezi langu. Nasema tu kwamba barabara hiyo haina nafasi ya dereva hata mmoja aliyeamshwa kwa tochi na kuambiwa endesha.

Marekani wamebishana sana juu ya hili. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliitupa sheria ya Los Angeles iliyokataza watu kuishi magarini, kwa kuwa haikueleweka inakataza nini hasa. Miaka kumi baadaye Mahakama yao ya Juu ikauruhusu mji wa Grants Pass kuwatoza faini wanaolala nje. Kwao ni vita ya wasio na nyumba. Dereva wetu ana nyumba, pengine Mombo, pengine Mkata. Asichonacho ni usiku wa kuifikia.

Kwa hiyo nataka iandikwe wazi katika Sheria ya Usalama Barabarani: kulala ndani ya gari lililotoka nje ya barabara si kosa, na si sababu ya kumshuku mtu. Vifungu vile viwili vya uzururaji vifutwe. Na halmashauri zetu, ambazo zinajua sana kusimika geti la ushuru wa mazao, zisimike na kiwanja chenye taa na choo kwa wale wanaoyabeba mazao hayo. Sindeni panatosha kuanzia.

Na wewe mwenye tochi: ukilikuta gari limekaa pembeni na watu wamelala, angalia kama pembetatu zipo, tega sikio usikie kama wanakoroma, kisha uende zako.