KOMPYUTA YA CHAMA SI SANDUKU LA MTU MMOJA



Hii ni wiki ya tatu malipo ya korosho yamekwama. Tukiuliza tunaambiwa kompyuta haifunguki: neno la siri la kuwashia alilijua karani wa zamani, naye kalisahau. Sasa limezuka jingine, eti tukatwe kila mmoja wetu inunuliwe kompyuta mpya! Sisi tunasema HAPANA.

Tusidanganywe. Mashine yetu ni ile ya mezani, ya zamani. Neno la kuwashia halikai pamoja na hesabu zetu. Linakaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri bapa kama sarafu, ya volti 3, imeandikwa CR2032. Fundi anachomoa waya wa umeme, anafungua kwa bisibisi, anatoa betri dakika chache, anairudisha. Kwa mashine nyingi za zamani neno linafutika hapo hapo. Likigoma, kuna kijifuniko kwenye ubao wa ndani, mafundi wanakiita jampa, kinahamishwa kisha kinarudishwa. Baadaye tarehe na saa zisahihishwe, maana nazo hupotea. Stakabadhi zisije zikatoka na mwaka wa uongo.

Hata hayo yakishindikana, kilo zetu zimo kwenye diski. Kama diski yenyewe haikufungwa, hutolewa ikasomwa kwenye kompyuta nyingine. Ngumu ni zile za kubeba mkononi. Nyingi hutunza neno mahali pasipotegemea betri. Yetu si hiyo. Basi mpya ya nini?

Lakini lawama si ya karani peke yake. Sote tulinyamaza, mtu mmoja akabeba ufunguo wa chama kichwani. Je, angefariki? Na tujue: kama bisibisi inaliondoa neno, basi neno hilo si ulinzi. Mwizi naye anayo bisibisi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Fundi aitwe wiki hii, afungue mchana mbele ya wanachama, si usiku ofisini.
2. Neno jipya liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungiwe sefuni. Mwenyekiti, mweka hazina na mwanachama mmoja wa kawaida watie sahihi juu yake.
3. Daftari la mizani la mkono lisiachwe kamwe.
4. Mlango wa ofisi uwekwe kufuli la maana.

Anayepinga asimame mkutanoni aseme sababu yake, tumsikie. Kilo zilizofungiwa mle ni jasho letu!