Mganga Anayewajua Watu Wake

Itakumbukwa kwamba Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, sehemu kubwa ya fedha za tiba ilikuwa ikimezwa na hospitali za mijini, ilhali wananchi walio wengi waliishi vijijini. Miaka iliyofuata zahanati zilijengwa, waganga wasaidizi wa vijijini wakafunzwa, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Hivyo wajumbe wa mataifa walipokutana Alma-Ata mwezi Septemba 1978 na kutangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kufikia afya kwa wote, Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza safari hiyo.

Kazi ya kujenga haikukoma. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Lengo hilo halijatimia kila mahali, lakini majengo yameongezeka. Swali lililobaki ni gumu kuliko tofali: ndani ya jengo hilo mwananchi anamkuta nani, na je, huyo anayemkuta anamjua?

Zahanati ya zamani ilipangwa zaidi kwa ajili ya homa, kuhara, vidonda na uzazi. Mgonjwa alikuja, akatibiwa, akaenda zake. Siku hizi, juu ya malaria ambayo bado ipo, yameongezeka maradhi ya shinikizo la damu na kisukari, ambayo mtu huishi nayo mpaka mwisho. Mzee akikutwa na shinikizo kubwa, hupewa vidonge vya majuma machache na kuandikiwa katika daftari la shule alilokuja nalo. Vidonge vikiisha, kichwa hakimuumi, naye huona amepona. Baadaye mganga aliyemwandikia huhamishwa, na anayeingia hana habari kwamba mzee huyo yupo. Habari inayofuata ni kwamba ameanguka shambani, na upande mmoja wa mwili umepooza.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye waganga wachache haiwezi kumfuatilia kila mgonjwa. Hoja hiyo haina msingi. Mtoto hupimwa uzito kliniki tangu kuzaliwa hadi afikishe miaka 5, na kadi yake humwonyesha kila muuguzi mstari wa maisha yake. Tangu mwaka 2004, wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa na kliniki za tiba na matunzo, zenye kadi, tarehe ya kurudi, na mtu wa kumtafuta nyumbani yule asiyefika. Kinachoshangaza ni kwamba utaratibu huo uko katika majengo yale yale anamopotelea mzee wa shinikizo la damu!

Fani ya utabibu wa familia imejengwa juu ya jambo hilo hilo: mganga mmoja aijue kaya, mwaka hata mwaka. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kimewafundisha madaktari wa fani hiyo, lakini bado ni wachache mno kuweza kukaa zahanati. Wangefaa zaidi wakiwa walimu wa matabibu wa wilaya.

Hapana budi pia watumishi wa umma waulizwe. Mwalimu na mtendaji wa kata wana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001. Mtoto akiumwa, wengi hupanda basi kwenda mjini. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini ndio wanaojua kusoma hesabu na kuandika barua kwa mkurugenzi, na wasipoijali zahanati, nani ataisemea? Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, chini ya kamati ya wananchi. Kamati nyingine hutia saini tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kumfikishia bima kila mkazi. Naye mkulima, akikuta zahanati haina kipimo cha shinikizo la damu, atapanda basi lile lile alilopanda mwalimu.

Halmashauri zijenge nyumba ya mganga kabla ya uzio na lango. Kila zahanati iweke rejista ya wagonjwa wake wa kudumu, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024, wapewe majina ya wasiofika. Na mganga anapohamishwa, asiondoke kabla hajakaa juma zima na mwenzake anayeingia, wakiipitia rejista hiyo pamoja, nyumba kwa nyumba.