Mjane na Barua ya Madai



Aghalabu tanga huwa halijaanuliwa siku nyingi barua inapofika. Inatoka Mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo yasema kwamba pensheni ya marehemu iliendelea kuingia benki miezi kadhaa baada ya kifo chake, na kwamba familia yatakiwa kuirejesha. Mjane, ambaye huenda hajawahi kuishika kadi ya benki ya mumewe, huisoma barua hiyo kama hukumu. Wako wanaokimbilia kuuza mbuzi na mabati, na wako wanaoificha barua chini ya godoro. Njia zote mbili ni mbaya.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi jambo hili linavyotokea. Mstaafu wa utumishi wa umma hulipwa na PSSSF, Mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Fedha huingia katika akaunti yake kila mwezi, na kompyuta haihudhurii mazishi. Mpaka mtu apeleke taarifa, au mstaafu akosekane wakati wa uhakiki, fedha zitazidi kuingia. Huku kwetu tunazika kwa kibali cha mazishi na kudhani mambo yamekwisha. Kumbe kibali si cheti cha kifo, na sheria yataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Cheti kikichelewa, taarifa kwa Mfuko nayo huchelewa. Na katikati ya kuchelewa huko, mara nyingi yupo shemeji mwenye kadi na namba ya siri.

Madai haya ni ya aina mbili, wala yasichanganywe. Ikiwa Mfuko ulikosea hesabu ukamlipa mume kupita haki yake angali hai, hilo ni deni lake yeye, nalo hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Mwenye wajibu wa kulilipa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kabla hajawagawia warithi kitu. Mali isipotosha, mjane na watoto hawarithi deni.

Fedha iliyoingia baada ya kifo ni jambo jingine. Hiyo haikuwa mali ya marehemu kamwe. Ililipwa kwa makosa, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yamtaka aliyeipokea airejeshe. Aliyeipokea, nasema, si yeyote aliyeolewa na marehemu. Kama mama ndiye aliyeitoa benki akanunulia unga na kulipia ada za watoto, wajibu ni wake. Kama ni shemeji, wajibu ni wa shemeji, naye ajue kwamba kutumia kadi ya mtu anayejua amekufa kwaweza kumfikisha polisi.

Wazee wa ukoo nao wasikilize. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, yasema kuwa ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Shamba alilolinunua mama kwa jasho lake, au cherehani yake, havimo katika mirathi ya mumewe. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kuvitoa vilipie deni, hasa deni lililotokana na ulevi wa mtoto wao wenyewe.

Hata hivyo hatutaki kumfundisha mtu kudhulumu. Husemwa mitaani kwamba mali ya umma haina mwenyewe. La hasha! Fedha ya Mfuko ni ya wachangiaji na wastaafu wengine, na miongoni mwao wamo wajane. Tunapenda kumkumbuka yule mjane wa siku za Elisha, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili. Tusisahau kwamba aliuza mafuta akalipa deni.

Lakini alipe mwenye deni, na kwa hesabu iliyo wazi. Mjane aliyepata barua asitie saini karatasi yoyote ya kukiri deni kabla hajaelewa. Aombe kwa maandishi maelezo ya kila mwezi unaodaiwa, kiasi chake, na tarehe kilipoingia benki. Msimamizi wa mirathi aombe taarifa ya akaunti, maana humo ndimo itaonekana fedha ilitolewa lini na kwa njia gani. Ikiwa bado imo, isiguswe, irudishwe. Ikiwa imekwisha kuliwa, aombe kulipa kidogo kidogo. Malipo yaende katika akaunti ya Mfuko na risiti itunzwe. Asimkabidhi fedha mkononi ofisa yeyote, hata aje na kitambulisho. Na kama yapo mafao ya wategemezi ambayo hayajalipwa, adai hesabu yake pia, kwa sababu haki haitembei upande mmoja.

Asiyejua kuandika barua hizo awaendee wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ambao huduma yao ni bure. Aende na barua yenyewe, cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa kikiwa kimepotea, daftari la parokia lipo. Na kama barua bado iko chini ya godoro, aitoe hata ikiwa siku zilizotajwa humo zimekwisha kupita.